Sanamu Isiyochongwa

Katika mafundisho ya utoto wangu sanamu ilikuwa kitu cha mti, jiwe au shaba. Kwa maelezo hayo ilikuwa rahisi kwa mtu kujiona salama. Nyumbani kwetu hapakuwa na kinyago, wala kwa jirani zetu Wakristo. Kwa hiyo amri ya kutoabudu miungu mingine ilionekana kuwa amri ya watu wa kale. Miaka imenifundisha vingine. Sanamu zenye nguvu hazichongwi. Mali ni moja, cheo ni ya pili, na sifa ya watu ni ya tatu; lakini iliyo kali kupita hizo ni ile tunayozaliwa ndani yake na kuipenda kwa haki, nayo ni kabila.

Nasema kwa haki kwa sababu kupenda ukoo na lugha ya mama si dhambi. Asiyewapenda waliomlea, ni vigumu kuamini kuwa atawapenda wageni. Ubaya huanza pale penzi hilo linapopewa kiti kando ya kiti cha Mungu. Sanamu ya siku zetu ina adabu: haimtaki Mungu aondoke, wala haimzuii mtu kwenda kanisani. Huomba nafasi ndogo tu. Yaweza kukaa hapo kimya miaka mingi, na waumini wakaendelea kuimba. Halafu siku moja hudai sadaka, na sadaka yake ni jirani.

Rwanda yatuonyesha jambo hili kwa uchungu. Wahutu, Watutsi na Watwa wa nchi hiyo husema lugha moja, Kinyarwanda. Katika miaka ya 1930 utawala wa Ubelgiji uliwapa watu vitambulisho vilivyotaja kabila la kila mmoja. Mwaka 1946 Mfalme Mutara III Rudahigwa aliiweka nchi yake wakfu kwa Kristo Mfalme. Hapana shaka wengi walishiriki kwa moyo safi. Walakini kitambulisho kilibaki mfukoni mwa muumini pamoja na rozari yake. Ufike mwaka 1994, Wanyarwanda walio wengi sana walikuwa Wakristo, na katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliyoanza mwezi wa Aprili, aliyeua na aliyeuawa mara nyingi walikuwa wamebatizwa katika kisima kimoja.

Huko Nyange, magharibi ya nchi, Watutsi walikimbilia kanisa la parokia. Tarehe 16 Aprili kanisa hilo lilibomolewa kwa tingatinga juu ya vichwa vyao, wakafa watu wapatao 1,500. Padre wa parokia, Athanase Seromba, alishtakiwa mbele ya mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha. Katika rufani ya mwaka 2008 alihukumiwa kifungo cha maisha. Altare ilikuwapo, misalaba ilikuwapo, na Maandiko yalikuwapo. Kilichokosekana ni moyo usiogawanyika.

Katika Nyange hiyo hiyo, usiku wa tarehe 18 Machi 1997, wavamizi wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari, wakawaamuru wanafunzi watengane, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa, wakajibu kuwa wote ni Wanyarwanda. Baadhi yao waliuawa na wengine wakajeruhiwa. Mwaka 2001 walitangazwa kuwa mashujaa wa taifa lao.

Jibu lao halikuwa hotuba ya dini, nami sitalitia maneno ambayo halikuwa nayo. Tena taifa nalo laweza kugeuka sanamu, likadai damu kama kabila lilivyodai. Lakini Mkristo akiutazama usiku ule hawezi kukosa somo. Watoto wale walidaiwa sadaka, wakakataa kumtoa jirani. Walichokitoa ni nafsi zao. Hiki ndicho kipimo nikijuacho cha kutenganisha ibada na ushirikina wa kisasa: miungu ya uongo humtuma mtu amtoe mwenziwe, na Mungu wa kweli humwita ajitoe mwenyewe.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Aghalabu tunapotaka kumshika Mungu na kabila kwa mikono miwili iliyo sawa, anayeponyoka ni Mungu, nasi hatutambui kwa sababu jina lake limebaki vinywani. Hatuna budi, basi, kujiuliza mapema, wakati wa amani, maswali madogo: ninapompa mtu kazi, ninapopiga kura, ninapomchagua mzee wa kanisa, ninapopokea mchumba wa mwanangu, ni nani anayeamua ndani yangu? Jibu linalotolewa mchana katika mambo hayo madogo ndilo litakalotolewa usiku, mlango utakapovunjwa na watu wanaotaka tutengane.