Peso ya Chile Ilivyokonda

Msomaji, Kiswahili chetu kina neno moja, fedha, kwa madini meupe na kwa pesa za matumizi. Wenzetu wa Amerika Kusini wanaozungumza Kihispania nao husema plata, wakiwa na maana hizo hizo mbili. Enzi hizo sarafu ilikuwa madini yenyewe.

Mimi hukusanya peso za fedha za Chile za mwanzoni mwa karne ya 20. Mke wangu haachi kuniuliza: "Baba watoto, mbona unanunua pesa zisizoweza kununua hata pakiti ya unga?"

Swali lake ni la haki. Jibu langu ni kuzipanga sarafu hizo mezani. Zote zimeandikwa peso moja, na zote zina kondori, yule ndege mkubwa wa milima ya Andes, aliyechongwa na Mfaransa Oscar Roty. Sasa zipime.

Ya 1905 ina gramu 20, na asilimia 70 ni fedha, yaani gramu 14. Ya 1910 ina fedha gramu 10.8. Ya 1915 haifikishi gramu 6.5. Ya 1921 ina 4.5, na ya 1932 ina 2.4 pekee! Mwaka wa 1933 fedha ikaondolewa kabisa, ikatumiwa shaba na nikeli.

Kwa nini? Noti za Chile zilikuwa zikipungua thamani. Kama fedha iliyomo ndani ya sarafu ingepita thamani iliyoandikwa juu yake, watu wangeificha au kuiyeyusha. Kwa hivyo serikali ikawa inapunguza madini. Kufikia 1932 nchi hiyo ilikuwa hoi: uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka, na nitrati yake, iliyotumiwa kutengeneza mbolea na baruti, ilikosa wanunuzi.

Hebu mfikirie baba wa huko aliyelipwa peso kila juma. Jina la mshahara wake halikubadilika, lakini kikapu cha mkewe kilizidi kuwa chepesi. Je, hayo ni mageni kwako?

Hata shilingi yetu ya Afrika Mashariki yenye simba, kuanzia 1921 hadi 1946, ilikuwa na robo tu ya fedha. Ukimkuta nyanya ameifunga moja kwenye pindo la leso, usiisugue kwa majivu wala limau. Kuing'arisha huipunguzia thamani kwa wakusanyaji. Na ukiuziwa peso, ipime uzito na uijaribu kwa sumaku. Ikinasa, rudisha, fedha hainaswi na sumaku.

Mke wangu bado hajakubali kuwa huu ni uwekezaji, nami sidai hivyo. Tumeafikiana jambo moja tu: hakuna peso inayoingia nyumbani kabla karo haijalipwa.