Mubirizi na Muravumba: Dawa Mbili za Mwambao wa Rumonge

Msafiri atokaye Bujumbura kuelekea kusini huwa na Ziwa Tanganyika mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto, mwendo wa kilomita 75 hivi, mpaka afikapo Rumonge. Njiani hupita Mugere, penye jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley, ambao walilala hapo mwezi Novemba 1871. Kuna mahali ambapo mlima husogea karibu sana na maji hata barabara ikabaki kama ukanda mwembamba. Karibu na Rumonge bonde hufunguka tena, na hapo michikichi huanza, safu kwa safu, hadi mjini.

Rumonge ni mji wa mawese na dagaa. Mafuta mekundu hukamuliwa humo, na ndagala, kama wenyeji wawaitavyo dagaa wao, huanikwa juani kando ya ziwa. Sokoni Kirundi na Kiswahili husikika pamoja, kwa kuwa mwambao huu una uhusiano wa zamani na Ujiji na Kigoma. Mwaka 2015 mji huu ulifanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Rumonge. Na mwaka 2025, mikoa ya Burundi ilipopunguzwa ikawa mitano, ukaingia katika mkoa wa Burunga.

Lakini nchi yenye joto na maji mengi haikosi mbu. Uso wa ziwa uko mita 770 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na ukanda huu wa Imbo ni wa joto kuliko vilima vya ndani. Malaria, minyoo, kichocho na maradhi ya kuhara ni mambo ambayo kila mzazi wa mwambao anayajua. Ndiyo sababu nyuma ya nyumba, karibu na jiko au kwenye uzio, mara nyingi huonekana mimea miwili ambayo haikupandwa kwa urembo: mubirizi na muravumba.

MIMEA YENYEWE

Mubirizi, ambao Warundi huuita umubirizi, ni mtugutu wa Waswahili na mululuza wa Waganda. Wataalamu huuita Vernonia amygdalina, na siku hizi pia Gymnanthemum amygdalinum. Ni kichaka au mti mdogo wa mita 2 hadi 5, wenye majani ya kijani kilichokolea na maua madogo meupe. Uchungu wake hausahauliki: atakayetafuna jani moja atalikumbuka hadi jioni.

Muravumba, kwa Kirundi umuravumba, huitwa na wataalamu Tetradenia riparia. Huu hutambulika kwa pua kabla ya ulimi. Majani yake yana manyoya laini, hunata kidogo mkononi, na yakisuguliwa hutoa harufu kali inayopenya. Kimo chake ni kama mita 1 hadi 3, na mashina yake ni mororo, huvunjika upesi. Mimea ya kiume na ya kike ni mbalimbali, na maua yake hutoka kwa wingi wakati wa kiangazi, mara nyingi majani yakiwa yamekwisha kupukutika.

MAHITAJI YA KILA MMOJA

Mimea hii yote miwili hupandwa kwa njia nyepesi, nayo ni pingili, kama mhogo. Mbegu za mubirizi huota kwa shida, kwa hiyo mkulima hukata shina lililokomaa, urefu wa sentimita 20 hadi 30, akalichomeka ardhini kwa kulilaza kidogo, mvua zikiwa zimeanza. Kwa mwambao wa Rumonge mvua hizo huanza Septemba au Oktoba na kuendelea hadi Mei. Pingili za muravumba nazo hushika mizizi upesi, ila zitakatwa kwa uangalifu kwa sababu ya umororo wake.

Baada ya kushika, tabia zao hutofautiana. Mubirizi hupenda jua na udongo wenye mboji, na kwa asili yake huonekana kando ya mito, kando ya maziwa na pembezoni mwa misitu. Huridhika na mvua ya milimita 750 hadi 2,000 kwa mwaka, na ukiisha kukomaa huvumilia ukame. Ukikatwa huchipua, na kadiri unavyopogolewa ndivyo unavyozidi kutoa majani na kuchelewa kutoa maua. Kwa sababu hiyo ni mmea mzuri wa uzio: hulinda kiwanja na hutoa majani mwaka mzima.

Muravumba hautaki kutuama kwa maji. Ingawa jina lake la Kilatini lina maana ya mmea wa kando ya mto, bustanini hupendelea udongo unaopitisha maji vizuri, mahali penye jua au kivuli chepesi, na hustawi hata kwenye miteremko yenye mawe. Ukipandwa bondeni palipo na tope mizizi huoza. Tena, kwa kuwa hupukutisha majani wakati wa kiangazi, mwenye kuutegemea hana budi kuchuma kabla ya Juni, kuyaanika majani kivulini na kuyaweka mahali pakavu. Maua yakiisha, matawi hupunguzwa ili mvua ijayo ikute machipukizi mapya.

Tofauti hiyo imekuwa na uzito katika miaka ya karibuni. Mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda mno, yakaingia katika nyumba, mashamba na barabara za mwambao, Rumonge ikiwamo, na mwezi Aprili mwaka huo serikali ya Burundi pamoja na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada kwa ajili ya watu walioathirika. Familia inayohamia mteremkoni baada ya mafuriko huacha nyuma nyumba pamoja na bustani ya dawa iliyochukua miaka kukua. Basi anayepanda upya afadhali auweke muravumba juu, penye mtelezo, na mubirizi chini kidogo, penye unyevu.

SOKWE WA ZIWA HILI HILI

Faida za mubirizi zinajulikana kwa makabila mengi kutoka Afrika ya Mashariki hadi ya Magharibi. Huko Kameruni na Nijeria majani huoshwa, hukamuliwa na kuchemshwa mpaka uchungu upungue, yakaliwa kama mboga. Kandokando ya Tanganyika hutumiwa zaidi kwa homa, minyoo na maumivu ya tumbo.

Ushahidi wa ajabu zaidi ulitoka kwenye mwambao huu huu, kusini ya Kigoma, katika milima ya Mahale. Mwezi Novemba 1987 Mohamedi Seifu Kalunde, mzee wa Kitongwe aliyejua dawa za kwao, pamoja na mtafiti Michael Huffman, walimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, mnyonge, hana hamu ya chakula. Walimwona akivunja matawi ya mubirizi, akaondoa majani na gome, kisha akatafuna kiini cha shina na kufyonza maji yake. Mzee Kalunde aliutambua mmea mara moja, kwa kuwa Watongwe huutumia kama dawa wakiuita mjonso. Siku ya pili yake Chausiku alikuwa amepata nafuu.

Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sokwe hufanya hivyo hasa wanaposumbuliwa na minyoo ya matumbo. Tena ulionyesha jambo la kuzingatiwa: majani na gome, ambavyo sokwe huvitupa, vina kwa wingi kemikali iitwayo vernodalini, ambayo ikizidi ni sumu. Mnyama wa msituni huchagua sehemu ya mti na kiasi chake. Binadamu achemshaye sufuria nzima ya majani bila kipimo anaweza kushindwa na sokwe kwa busara.

Muravumba nao haukuachwa. Katika nchi jirani ya Rwanda, wataalamu waliofanya kazi Butare pamoja na Luc Van Puyvelde walichambua majani yake, na mwaka 1986 wakatangaza kitu walichokitoa humo, chenye nguvu dhidi ya aina kadhaa za bakteria na kuvu. Baadaye ilionekana kwamba kitu hicho hulegeza pia mikazo ya misuli ya tumbo. Matumizi ya wazee yanafuata njia hiyo: majani huponda na kukamuliwa kwa kikohozi, homa, kuhara na msokoto wa tumbo.

HADHARI KWA WALEZI

Hapa ndipo mama na baba wanapaswa kusimama na kufikiri. Nguvu iliyoonekana katika maabara si sawa na tiba iliyothibitishwa kwa mtoto mgonjwa. Mwaka 2017 Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria, na kila aliyeishi mwambaoni wakati huo anafahamu jinsi homa inavyoweza kumzidia mtoto mchanga kati ya jioni na alfajiri. Mtoto mwenye homa apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, apimwe damu, na akionekana na malaria apewe dawa mseto na kuimaliza. Kumnywesha mubirizi huku siku zikipita ni kupoteza saa ambazo hazirudi.

Mwanamke mjamzito asitumie mubirizi kama dawa, kwa sababu majaribio ya maabara yameonyesha kwamba maji yake huweza kukaza misuli ya mji wa mimba. Mwenye kisukari anayetumia dawa za hospitali ajihadhari pia, maana katika majaribio ya wanyama mmea huu umeshusha sukari ya damu. Na yeyote aliyekwisha kunywa dawa ya mitishamba amweleze mganga wa kituo bila kuona haya, ili matibabu yasigongane.

Pamoja na hadhari hizo, mimea hii inastahili kutunzwa. Ikichumwa porini tu, huku misitu ya Kigwena na Rumonge ikizungukwa na mashamba ya michikichi, itazidi kuwa mbali na watu. Ikipandwa nyumbani haigharimu ila pingili mbili na samadi kidogo. Askari na polisi huhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na si rahisi familia kubeba shamba. Lakini pingili ya mubirizi na ya muravumba, zikifungwa katika kitambaa chenye maji, huenda pamoja na mizigo mingine. Kituoni zitapandwa kila moja mahali pake: mmoja penye unyevu, mwingine penye mtelezo. Na watoto wafundishwe majina ya mimea hiyo, pamoja na njia ya kwenda kituo cha afya.