Michoro tunayo, saiti anakuja kufanya nini?

Swali hilo aliliuliza mume wangu akiwa na kalamu mkononi, mbele yake bajeti ya kumalizia nyumba. Mstari wa mwisho ulisomeka: mbunifu wa ndani, kutembelea saiti mara nne, Sh400,000. Michoro yake tulikuwa tumeshailipia. "Michoro tunayo, saiti anakuja kufanya nini? Mapazia yenyewe bado," alisema, akaukata ule mstari.

Sikumbishia. Hata mimi nilijua mbunifu wa ndani ni mtu wa rangi, mapazia na makochi, mambo ya mwishoni kama hela imebaki. Tulikuwa tumemtafuta kwa ajili ya mama mkwe. Kisukari kilisababisha akatwe mguu mmoja, akawa anatumia kiti cha magurudumu. Alikuwa Tanga kwa wifi yangu, na tukakubaliana pagala letu la Kibaha, lililokaa miaka sita likiota majani, limaliziwe ili aje tukae naye.

Mama halalamiki ovyo. Lakini siku moja aliniambia kwenye simu kwamba mguu ameshausamehe, kinachomuumiza ni kuogeshwa kama mtoto mchanga. Ndiyo maana binti yule alituchorea chumba chenye bafu ndani, apate kuingia mwenyewe na kujihudumia.

Mafundi wakaanza. Siku moja fundi umeme akanipigia: "Mama, swichi za chumba cha bibi tuweke wapi?" Nilikuwa kazini, watu wananisubiri. Nikamjibu, "Weka panapofaa." Usiku sikulala vizuri. Panapofaa ni wapi, na kwa nani? Wiki ile kikoba chetu kilikuwa kimegawana. Nikatoa sehemu ya mgawo wangu, nikampigia yule binti na kumlipa. Mume wangu sikumwambia.

Alikuja Ijumaa, na Jumatatu ilikuwa siku ya kuanza kupiga plasta. Alibeba futi, chaki na michoro ndani ya mfuko wa nailoni. Alimsalimia fundi mkuu, akamwomba watembee pamoja chumba kwa chumba. Kila alichokiona alimwambia yeye, hakuwapa amri vijana wake, kisha akaandika kwenye daftari na tarehe.

Tulipofika kwenye bafu la mama akasimama. Ndipo gari la saruji likaingia, na mume wangu akashuka. Alinitazama mimi, akamtazama binti. Moyo ulinipasuka.

"Shikamoo kaka," binti alisema. "Umekuja wakati mzuri. Nishikie futi upande huo."

Akaishika. Akasoma mwenyewe: sentimita 80 kutoka tofali hadi tofali. Kwenye mchoro iliandikwa 100. Akapima tena, ikawa 80 ileile. Fundi mkuu akakohoa kidogo, akasema waliacha nafasi kufuata fremu zilizoletwa. Na fremu alizileta mume wangu, zote za kipimo kimoja, kwa kuwa seremala alimpunguzia bei akichukua kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Mchoro ulikuwa ndani ya bahasha, na fremu zilikuwa saiti.

Binti akaniomba nimpigie wifi apime kiti cha mama. Kikawa na sentimita 66 kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi la pili. Fremu ikiingia na mlango kuwekwa, nafasi ya kupita ingebaki kama 68.

"Si kinapita?" mume wangu aliuliza.

"Kinapita, kaka. Ila yeye anasukuma magurudumu kwa mikono. Vidole vyake vitapita wapi?"

Hakujibu. Mimi niliziona ngumi za mama zikikwaruzwa na mbao kila asubuhi, mpaka siku moja aamue heri aogeshwe.

Kabla tindo haijagusa ukuta, binti alimpigia mhandisi aliyetusimamia wakati wa kuinua boma. Alisema kupanua mlango ni rahisi kuchora, lakini ukuta na lenta vina mwenyewe wa kuvisemea. Mhandisi alikuja kesho yake, akakagua, akaruhusu na kumwelekeza fundi namna ya kukata. Gharama ikawa fremu moja pana na siku moja ya kazi ya mafundi wawili. Fremu nyembamba tukaipeleka stoo. Mambo hayo yangegundulika baada ya plasta, vigae na rangi, tungevunja vyote vitatu.

Mlango wenyewe aligeuza ufungukie nje. Mtu akianguka bafuni nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaozuia wa kumsaidia asiingie.

Swichi nazo zilikuwa zimewekwa "panapofaa". Boksi moja lilikuwa nyuma ya mahali pa kabati, na soketi zilikuwa chini karibu na sakafu, ambako mtu aliyekaa kwenye kiti lazima ainame. Zilihamishiwa karibu na kitanda, kwa urefu anaoufikia. Kwa kuwa plasta ilikuwa bado, haikuchukua hata nusu siku.

Alirudi tena kabla ya vigae. Fundi alishaandaa kizingiti cha zege mlangoni pa bafu kuzuia maji yasitoke, kama alivyozoea. Gurudumu lingegota hapo. Wakakaa chini wakapanga upya: sakafu ya bafu ishuke kidogo, iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Baada ya kupaka dawa ya kuzuia maji, waliziba tundu, wakaweka maji na kuyaacha saa 24 kuona kama yanapenya. Alichora kwa chaki mahali pa vishikio ukutani, akawaambia wavifunge kwenye tofali lenyewe na wasiviachie plasta, maana vitabeba uzito wa mtu mzima. Maboksi ya vigae aliyafungua yote, akakuta mawili yenye namba tofauti na mengine, rangi yake imepauka. Dukani Kariakoo walibadilisha kwa sababu hakuna kigae kilichokuwa kimebandikwa.

Usiku wa ile Ijumaa ya kwanza nilimweleza mume wangu habari ya hela ya kikoba. Alinyamaza muda mrefu, nikajua amenuna. Kisha akasema, "Na mimi zile fremu ningekuuliza kwanza." Hatukuongeza neno. Ziara tatu zilizobaki alikuwa anakuja mwenyewe, na futi yake.

Mzazi mwenzangu unayejenga kidogo kidogo, najua kila mia ina kazi yake. Kama huwezi kulipia ziara nyingi, mlipe mbunifu wako aje mara mbili: mabomba ya nyaya yakishapita ukutani lakini kabla ya plasta, na kabla ya kigae cha kwanza. Bandika nakala ya michoro saiti, fundi aione. Kabla hujanunua fremu, sinki au kitanda kwa sababu bei imeshuka, linganisha kipimo na mchoro. Mabadiliko yoyote yaandikwe, na bei yake ijulikane kabla ya kazi. Na mpime yule mtakayeishi naye: kiti chake, mkono wake unafika wapi, mtoto anafika wapi.

Mama alikuja mwezi wa nane. Asubuhi ya kwanza alikisukuma kiti, akaingia bafuni, akavuta mlango nyuma yake. Mimi na mume wangu tulisimama kwenye korido tukijifanya tunakunja nguo. Tukasikia maji yakimwagika, yakakatika, yakamwagika tena.

Kisha sauti ikatoka ndani: "Mbona kimya hivyo huko nje? Ondokeni mlangoni, naoga!"