Barua kwa Mpwa Aliyeko Ohio: Bunduki Kuukuu za Jeshi

Bunduki za ziada za jeshi ni zile ambazo serikali ilizitengeneza kwa askari wake, ikazifungia ghalani vita vilipokwisha, na hatimaye ikaziuza kwa jumla silaha mpya zilipoingia. Nyingi ni za bolti: mpigaji huvuta mkono wa chuma nyuma ili ganda litoke, akausukuma mbele ili risasi nyingine iingie. Soko lake kubwa liko Marekani, na majina makuu ni machache. Kuna Mosin-Nagant ya Urusi, iliyoanza kutumika 1891 na kutengenezwa kwa idadi inayokaribia milioni 37. Mauser ya Ujerumani pamoja na ndugu zake wa Uswidi, Uturuki na Yugoslavia. Carcano ya Italia. K31 ya Uswisi. Arisaka ya Japani. Lee-Enfield ya Uingereza haina haja ya kutambulishwa Afrika Mashariki. Ndiyo waliyokwenda nayo Burma askari wa King's African Rifles (KAR), na miaka mingi baadaye bado ilikuwa begani mwa polisi wa akiba wa Kenya.

Sifa ya bunduki hizi ya kuwa za bei rahisi ina historia yake. Machi 1963 duka moja la Chicago, Klein's Sporting Goods, lilimtumia mteja kwa posta Carcano yenye darubini. Bei ilikuwa dola 19.95 bila gharama ya posta. Mteja aliagiza kwa jina la uongo. Jina lake halisi lilikuwa Lee Harvey Oswald, na Novemba mwaka huo Rais Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo. Sheria ya 1968 ilikomesha biashara hiyo ya posta na kufunga mlango wa silaha kuukuu za majeshi ya nje. Mlango ulifunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980 kwa silaha zinazohesabiwa kuwa za kumbukumbu, na Muungano wa Kisovieti ulipoanguka, maghala ya Ulaya Mashariki yakamwagika sokoni. Katika miaka ya 2000 Mosin ilipatikana kwa chini ya dola 100. Leo bei ni mara kadhaa ya hiyo, na anayesubiri bei ya zamani irudi atasubiri sana.

Mzigo mmoja wa miaka ya karibuni unastahili kutajwa kwa sababu ulitoka jirani. Bunduki za maghala ya Ethiopia ziliuzwa kwa waagizaji wa Marekani, na ndani yake mlikuwa na historia nzima ya nchi ile: Vetterli, aina iliyobebwa na jeshi la Italia lililoshindwa Adwa mwaka 1896, Carcano za uvamizi wa 1935, Mauser zilizoagizwa Ubelgiji kwa jeshi la Haile Selassie. Mkusanyaji huzifurahia. Mpigaji ana sababu ya kusita, kwa kuwa nyingi zilifika na kutu na miti iliyopasuka. Zile Vetterli zilizobadilishwa wakati wa Vita vya Kwanza ili zipige risasi ya Carcano hazifai kupigwa kabisa, maana mtambo wake uliundwa kwa baruti nyeusi, yenye nguvu ndogo kuliko baruti ya kisasa.

Kabla ya bunduki kuna karatasi, na hapa ndipo kijana aliyetoka nje anapotofautiana na jirani yake Mmarekani. Sheria ya shirikisho humkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya utalii au ya kazi, kuwa na bunduki au risasi, isipokuwa akiwa na msamaha maalumu. Unaojulikana zaidi ni leseni halali ya kuwinda. Katazo hilo halichagui mahali: hata bunduki ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha imo. Mwenye green card anaruhusiwa. Dukani hujazwa fomu namba 4473, na jibu la uongo ndani yake ni jinai. Kumnunulia rafiki asiyeruhusiwa, kwa pesa za rafiki huyo, ni jinai vilevile. Kwa asiye raia adhabu haiishii kwenye faini au jela, kwani kosa la silaha linaweza kumrudisha nyumbani hata kama ana green card ya miaka ishirini. Mpwa ambaye bado yuko kwenye viza ya masomo na aliache jambo hili mpaka hadhi yake ibadilike. Na akiwa na shaka amwone wakili wa uhamiaji, si rafiki wa msikitini.

Aliye na haki ana njia tatu. Ya kwanza ni duka la kawaida. Ya pili ni leseni ya mkusanyaji, inayotolewa na serikali ya shirikisho kwa dola 30 kwa miaka mitatu kwa aliyetimiza umri wa miaka 21. Kwa leseni hiyo mtu hupokea nyumbani, hata kutoka jimbo jingine, bunduki yenye umri wa miaka 50 au zaidi iliyobaki katika umbo lake la asili. Sharti ni kuandika daftari la kila silaha inayoingia na kutoka, na kutoifanya leseni kuwa ya biashara. Baadhi ya majimbo yana masharti yake juu ya hayo. Njia ya tatu iko mlangoni kwa mkazi wa Ohio: shirika la CMP, mrithi wa mpango wa kufundisha raia shabaha ulioanza 1903, lina duka Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, na huuza M1 Garand za jeshi la Marekani zilizokaguliwa na kupangwa kwa madaraja. Njia hii ni ya raia wa Marekani tu. Kwa anayeanza, hakuna mahali salama zaidi pa kununulia.

Kwingineko mnunuzi ndiye mkaguzi. Kwanza ni mtutu. Bunduki ikiwa tupu na bolti imetolewa, mwanga hupitishwa ndani: michirizi ya kuzungusha risasi ionekane mikali hadi mdomoni. Weusi kidogo si tatizo. Mashimo ya kutu na michirizi iliyofutika mdomoni ndivyo vinavyoharibu shabaha. Karakana za Kisovieti zilikuwa na desturi ya kuchimba upya mdomo wa Mosin ulioliwa, kwa hiyo mtutu wenye mdomo mpana si lazima uwe mbovu. Kisha namba. Bolti na mwili wa bunduki vikiwa na namba moja, huenda vimeishi pamoja. Zikitofautiana, vipande vimekutanishwa ghalani. Hilo hushusha thamani, lakini jambo zito zaidi ni nafasi iliyopo kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi. Nafasi ikizidi, ganda hunyooka na kupasuka, na gesi ya moto hurudi usoni kwa mpigaji. Fundi bunduki huipima kwa geji kwa muda mfupi na kwa malipo madogo. Lee-Enfield namba 4 ilitengenezewa hata vichwa vya bolti vya vipimo vinne, 0 hadi 3, ili karakana ya jeshi irekebishe nafasi hiyo bila kubadili bolti nzima. Anayenunua bunduki ya dola mia kadhaa akakwepa kumlipa fundi amefanya hesabu mbaya.

Zipo pia ambazo geji haiziokoi. Springfield ya 1903 yenye namba chini ya 800,000 kutoka karakana ya Springfield, au chini ya 285,507 kutoka Rock Island, ilipikwa kwa joto lisilodhibitiwa vizuri, na baadhi zilivunjika mikononi mwa wapigaji. Arisaka nyingine zilikuwa za mafunzo ya shule tu, hazikuundwa kwa risasi halisi. Hizo ni za kutundikwa ukutani.

Risasi yenyewe ni mtego kwa asiyesoma. Namba 7.62 huandikwa kwenye risasi nyingi zisizoingiliana: 7.62×54R ya Mosin, 7.62×51 ya NATO, 7.62×39 ya Kalashnikov. Namba ya pili, ya urefu wa ganda kwa milimita, ndiyo ya kutazama. Zaidi ya hapo, nchi kadhaa zilibadilisha Mauser zao za zamani zipige risasi tofauti na ile ya kiwandani. Israeli ilifanya hivyo. Kinachoaminiwa ni alama iliyogongwa kwenye mtutu pamoja na kipimo cha fundi. Maneno ya muuzaji si kipimo.

Kurejesha bunduki katika hali yake kwa sehemu kubwa ni kusafisha na kujizuia. Nyingi hufika zimepakwa kosmolini, grisi nzito ya kahawia iliyowekwa ili chuma kistahimili miaka ya ghala. Kwenye chuma huondolewa kwa tambara na spiriti ya kuchanganyia rangi, mahali penye hewa na mbali na moto. Iliyonyonywa na mti hutolewa kwa joto: kitako huvishwa mfuko mweusi wa plastiki na kuachwa juani, grisi itoke jasho, ifutwe, kazi irudiwe. Mti ukishakauka hupakwa mafuta ya kitani kidogo kidogo. Matambara yaliyolowa mafuta hayo yatandazwe nje yakauke, kwa kuwa yakikunjwa pamoja huweza kuwaka yenyewe. Msasa haugusi mti, maana hufuta mihuri ya karakana. Ndani ya mihuri hiyo mna mwaka, kiwanda na jeshi lililoitumia. Mosin yenye herufi SA ndani ya kisanduku ilipita Finland, na K31 nyingi zina kikaratasi cha jina la askari chini ya bamba la kitako. Anayekata mtutu au kupaka rangi mpya ili ing'ae huwa amelipia historia kisha ameitupa.

Uwanjani, risasi za zamani huacha uchafu wa aina yake. Fataki zake zilikuwa na klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kula chuma kama upepo wa bahari unavyokula mabati ya Tanga. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Siku ileile mtutu na uso wa bolti husuuzwa kwa maji ya moto, hukaushwa kabisa, ndipo hupakwa mafuta. Viwanja vingi hupima risasi kwa sumaku na kukataa zenye chuma, kwa hiyo ni vyema kuuliza kabla ya kwenda. Risasi isipolia, mdomo wa bunduki hubaki kwenye shabaha kwa dakika nzima kabla bolti haijafunguliwa. Masikio na macho hufunikwa, na mikono huoshwa kabla ya kula, kwa sababu ya sumu ya madini ya risasi. Mpigaji mgeni asishangae shabaha ikikataa: Mosin ilirekebishwa ikiwa na singe mdomoni, na Mauser nyingi za 1898 zilianza kulengwa mita 400, hivyo katika mita 100 hupiga juu.

Nyumbani bunduki hukaa ndani ya kabati la kufuli, risasi mahali pengine. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu wanaojiua wenyewe. Mtu wa nyumba anapopita katika majonzi, talaka au deni, bunduki ihamishwe, ikabidhiwe mtu mwingine kwa utaratibu wa jimbo mpaka hali itulie. Hili halihitaji kikao cha ukoo.

Bunduki hiyo haisafiri kuja nyumbani. Kuitoa Marekani kuna taratibu zake za vibali. Na huku Kenya ina Sheria ya Silaha, sura ya 114, na Tanzania ina sheria yake ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, ambazo zote huhesabu kuingiza silaha bila kibali kuwa kosa zito. Mjomba ataridhika na picha.