Kwa Fundi Baiskeli Hakuna Kelele ya Kawaida

Fundi ninayempelekea baiskeli yangu hapa Sirari ana tabia moja ambayo sijaiona kwa watu wengi waliosoma kuliko yeye: hajawahi kumwambia mteja kwamba kelele anayoisikia ni ya kawaida. Ukimwambia baiskeli inalia, anaweka spana chini na kuuliza inalia vipi. Ukimwambia imekuwa nzito, anauliza nzito tangu lini. Nataka kuandika kuhusu maswali hayo, kwa sababu mwaka jana yalinifikisha mahali ambapo baiskeli yenyewe haikuwa na la kujibu tena.

Sirari ni mji wa mpakani. Ukivuka tu uko Isebania, Kenya. Wakurya wako pande zote mbili, na sokoni shilingi za nchi zote mbili zinapokelewa bila maswali. Barabara kuu inayotoka Mwanza na Musoma kupitia Tarime ni ya lami, lakini habari ninazoandika mara nyingi haziko kwenye lami. Ziko vijijini, kwenye njia za udongo mwekundu zinazopanda na kushuka kati ya migomba na mahindi, njia ambazo masika huzifanya utelezi na kiangazi huziachia mawe. Mwandishi wa kujitegemea akipanda pikipiki kwenda na kurudi, nauli inaimaliza habari kabla hajaiandika. Kwa hiyo nina baiskeli ya milimani, ya mtumba, gia 21, matairi ya inchi 26.

Wapo wanaoshangaa kuona mwanamke wa miaka thelathini na kitu juu ya baiskeli ya gia. Huwa nawakumbusha kwamba hata neno bodaboda lilizaliwa kwenye baiskeli, huko Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako watu walibebwa kwenye karia kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilikuja baadaye zikarithi jina.

Sasa, kuna mlima ninaoupanda karibu kila wiki nikitoka bondeni kurudi mjini, kama kilomita mbili hivi. Pembeni mwa daftari langu la kazi huandika muda wa kila safari, maana lazima nijue nitoke saa ngapi ili habari iwahi. Januari mwaka jana mlima ule ulinichukua dakika 11. Juni ulinichukua dakika 18. Mzigo ulikuwa uleule: kinasa sauti, chupa ya maji, koti la mvua.

"Mzee, shikamoo. Baiskeli imekuwa nzito."

"Marahaba. Nzito mlimani au hata tambarare?"

"Mlimani zaidi."

"Inalia?"

"Inalia kidogo. Na mara nyingine cheni inaruka."

"Binti, hayo ni magonjwa matatu. Usiniletee matatu kwa mpigo. Tuanze na moja."

Hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza. Ukibadilisha vitu vitatu kwa siku moja na baiskeli ikapona, hujui ulichotibu. Isipopona, hujui ulichoharibu. Anabadilisha kimoja, anakurudisha barabarani, anakusubiri uje na majibu. Kuna wateja wanaomkimbia kwa sababu hiyo.

Kanuni ya pili ni kwamba kelele haiko pale unapoisikia. Fremu ya baiskeli ni mabomba matupu ndani, na bomba husafirisha sauti. Mlio wa siti unaweza kuusikia miguuni. Kwa hiyo haulizi inalia wapi, anauliza inalia lini. Acha kukanyaga, iache iserereke: mlio ukikatika, mgonjwa yuko kwenye pedeli au cheni. Ukiendelea, mtafute kwenye magurudumu. Inuka kwenye siti: ukinyamaza, ni siti, na wako watu waliofunguliwa baiskeli nzima, wakalipa, kwa sababu ya siti tu. Hesabu pia: ukija mara moja kila gurudumu linapozunguka, kuna kitu kinagusa gurudumu mahali pamoja.

Kwangu kilikuwa kinagusa. Aligeuza baiskeli miguu juu, akazungusha gurudumu la nyuma, likasimama mapema mno. Rimu ilikuwa inayumba, na kila mzunguko ilijisugua kwenye raba ya breki. Yaani nilikuwa napanda mlima huku breki ikinishika shati. Alipitisha kidole kwenye spoku moja baada ya nyingine, akizisikiliza kama mtu anayepima nyuzi za gitaa. Mbili zilitoa sauti nzito kuliko wenzake. Alizikaza robo mzunguko, akazungusha, akakaza tena robo. Wiki iliyofuata niliandika dakika 16.

Kisha cheni. Cheni ya baiskeli, iwe ya Phoenix inayobeba mkaa au ya baiskeli ya mashindano ya Ulaya, ina kipimo kimoja: kutoka pini hadi pini inayofuata ni nusu inchi. Ukianza kwenye pini moja ukahesabu nyingine 24, unapaswa kupata inchi 12 kamili. Ikizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, hiyo imekwisha. Fundi ana rula ya chuma ya inchi kwa kazi hiyo tu. Watu husema cheni imevutika, lakini chuma hakivutiki kama mpira. Pini na matundu yake ndiyo yanayolika kidogo kidogo, mpaka cheni haikai tena vizuri kwenye meno. Na ukiweka cheni mpya kwenye meno yaliyolika, itaruka vilevile. Nilivuka Isebania nikanunua vyote viwili, cheni na gia za nyuma.

Kuruka kukaisha. Muda wa mlimani ukabaki dakika 16.

"Andika," alisema. "Hiyo nayo ni habari."

Ya tatu ilikuwa habu, kile kitovu cha gurudumu. Alipoifungua, grisi ilikuwa imegeuka tope jeusi na gololi zimepoteza mng'ao. Watoto wa jirani, ambao huwa hawako mbali, walisogea wagawane zile kuukuu. Nilimsimulia mzee kwamba baiskeli za milimani zilianza na shida hiyohiyo. Mwaka 1976, huko Marin County, California, vijana waliokuwa wakishindana kuteremka mlima kwa baiskeli kuukuu waliyaita mashindano yao Repack, yaani kujaza upya. Breki za ndani ya habu zilipata moto hadi grisi ikatoka kama moshi, na kila baada ya kushuka ilibidi wafungue na kujaza grisi nyingine. Alicheka. "Kumbe na wao." Akapaka grisi mpya, akaweka gololi mpya, akakaza ekseli mpaka gurudumu likaacha kucheza bila kubana. Akapima na upepo: ukiwa mdogo tairi linavuta na tyubu inabanwa kwenye mawe, ukizidi baiskeli inarukaruka na kukuchosha mikono.

Dakika 15.

Kila tengenezo lilikuwa la lazima, na mengine yalinipa kitu. Lakini kutoka 15 hadi 11 kulikuwa na dakika nne zisizo na mwenyewe. Siku iliyofuata mzee alimpa mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha pili, baiskeli yangu pamoja na mzigo wangu, akamwambia apande mlima ule. Alitumia dakika 10 na akarudi anapiga mluzi.

Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa chenye petroli, taratibu, kama mtu anayetafuta maneno.

"Binti, usinielewe vibaya. Mimi ni fundi wa chuma. Lakini tumebadilisha kimoja kimoja, baiskeli imepona. Kilichobaki hatujakigusa ni mpandaji. Kapime damu."

Si kwamba nilikuwa sijawahi kusema. Mwaka mmoja kabla, kwenye kituo kimoja cha afya, nilieleza kwamba hedhi yangu inachukua siku tisa, na siku tatu za katikati siwezi kukaa mbali na choo. Nikaambiwa wanawake wanatofautiana, ni kawaida. Nilimweleza shangazi yangu, akanikumbusha kwamba mama alikuwa hivyohivyo, na bibi pia, na wote walilima. Nilimwambia daktari mmoja kwamba moyo unanidunda nikipanda ngazi. Akaniuliza kama nina mawazo, maana kazi ya uandishi ina presha. Watu watatu, na hakuna aliyeuliza tangu lini. Hakuna aliyeuliza mlimani au hata tambarare.

Safari hii nilikwenda hospitali nyingine, na daftari mkononi. Nilimsomea daktari tarehe na dakika, kisha siku za hedhi na idadi ya pedi kwa siku. Nilimweleza pia kwamba baiskeli imeshafanyiwa matengenezo yote, na kwamba mtoto wa kidato cha pili ameipandisha kwa dakika 10. Alitabasamu hapo, lakini aliandika. Kisha akaniagizia vipimo.

Hemoglobini yangu ilikuwa gramu 7.4 kwa desilita. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu upungufu wa damu kuanzia chini ya 12, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda kwenye misuli. Ikipungua, moyo unaongeza kasi kufidia, na kwenye tambarare unaweza kuishi hivyo miezi mingi bila kujua. Mlima ndio unaodai. Picha ya ultrasaundi ilionyesha kilichokuwa kinaimaliza damu: uvimbe kwenye mji wa mimba, ule ambao si saratani na unaowapata wanawake wengi sana kabla ya hedhi kukoma.

Hapo nilianza kusoma, kama kazi yangu inavyonituma. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na viashiria vya malaria wa mwaka 2015–16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Si wote kwa sababu ya hedhi. Kuna malaria, kuna minyoo, kuna ujauzito unaofuatana, kuna sahani isiyo na madini chuma. Lakini ni karibu nusu yetu. Ukikaa sokoni Sirari ukaangalia akina mama wanaoingia na mikungu ya ndizi kichwani, hesabu hiyo inaacha kuwa ya kitabuni.

Nilikumbuka pia kichekesho cha zamani. Miaka ya 1890, wanawake wa Uingereza na Marekani walipoanza kupanda baiskeli kwa wingi, madaktari na magazeti waliwaonya kuhusu ugonjwa ulioitwa uso wa baiskeli: eti mwanamke akipanda sana, uso unakakamaa, macho yanatoka, na huenda asirudi alivyokuwa. Wakati ule mwanamke mzima aliambiwa anaumwa. Leo mwanamke anayeumwa anaambiwa ni mzima. Nadhani ni jambo lilelile: katika hali zote mbili hakuna aliyemuuliza yeye.

Neno kawaida tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina maana ya msingi, kanuni. Sisi tumelipa kazi mbili. Linaweza kumaanisha kinachotokea mara nyingi, na linaweza kumaanisha kinachostahili kuwa hivyo, na mtu anaweza kuingia na maana ya kwanza akatoka na ya pili bila kusimama mpakani. Cheni zilizokwisha hapa mjini ni nyingi kuliko cheni nzima. Nenda popote zinapoegeshwa baiskeli za mizigo, utaziona. Sijasikia fundi akisema kwamba kwa kuwa ni nyingi, basi ndivyo cheni inavyopaswa kuwa. Anatoa rula.

Mwili si baiskeli, najua. Hakuna duka Isebania linalouza nilichohitaji. Nilimeza vidonge vya madini chuma kwa miezi, vikanifunga choo na kunichafua tumbo, na mwezi wa kumi nilifanyiwa upasuaji katika hospitali ya rufaa. Wiki sita sikugusa pedeli. Mzee alimtuma mjukuu na mkungu wa ndizi, pamoja na ujumbe kwamba magurudumu yasikae bila upepo, tairi litapasuka pembeni.

Mwezi wa tatu mwaka huu niliandika dakika 12. Bado moja. Daftari sasa lina safu mbili pembeni, ya mlima na ya siku, na ya pili siioni aibu tena. Niliionyesha kwa akina mama ninaonunua kwao sokoni, kwa sababu waliuliza nilipotea wapi. Wengine walicheka, wengine waligeuza mazungumzo. Mama mmoja anayeuza dagaa aliendelea kupanga mafungu yake kama hakusikia. Nilipokuwa nalipa, akasema kwa sauti ya chini, bila kuniangalia:

"Siku tisa tu, mwandishi? Mimi kumi na mbili. Lakini si ndio kawaida yetu?"

Nikaweka kikapu chini, nikamuuliza: "Tangu lini, mama?"