Injini ya Marehemu Baba

Kinna hatuna reli. Iliyo karibu yaishia Nanyuki. Hata hivyo marehemu baba, aliyetumika karakana ya reli Mombasa, alituachia garimoshi la kuchezea, la umeme wa volti 12. Mota yaliitika, magurudumu hayakwenda. Gia ya plastiki ilipasuka: plastiki hunywea kwa miaka, na mhimili wa chuma haunywei.

Mwanangu alitaka kutoa mota pia, kwani ya zamani hula umeme mwingi na kupata moto, atie ya redio kaseti.

“Bibi, hata reli ya babu ya upana wa mita 1 ilipata mwenzake mpana mwaka 2017.”

“Na ya babu yako waliing’oa?” mama akauliza.

Hakujibiwa. Kwake mota ile ni kazi ya mikono ya mumewe, aliyekuwa akiitia mafuta kila Idi. Nami niliona haki yake, ingawa kitu kisichotembea si garimoshi.

Mota ikabaki. Fundi wa Isiolo akatukatia gia ya shaba, idadi ya meno ile ile. Sasa laenda polepole, kwa kelele kuliko zamani. Mama huomba lizungushwe tena.