Mng'aro na Ufa





Kiangazi kinapokomaa, na vumbi jekundu linapotanda kutoka Lizaboni hadi Mjimwema, iko kazi moja ambayo sisi wakazi wa Songea tumezoea kuiona katika nyua nyingi siku za Jumamosi. Vijana huketi juu ya magunia, mbele yao pana ndoo ya maji, vipande vya msasa, kopo la dawa ya kung'arishia na fulana kuukuu. Magotini wamepakata kava la tapeti la gari, kava la klachi la pikipiki, au pengine silinda hedi nzima. Husugua tangu asubuhi hadi jua la alasiri, na kipande kilicholetwa kikiwa na rangi ya majivu huondoka kikiwa kama kioo.

Wapo wazee wanaoiona kazi hii kuwa ni kupoteza muda. Sisi wa nyumba ya parokia hatuko upande wao, kwa maana gari letu nalo limefunguliwa injini zaidi ya mara moja baada ya kupanda milima ya Lukumburu na mzigo, na vipande vyake vimepita mikononi mwetu. Basi juma hili tutafakari pamoja juu ya kazi hii ya uani, kwa kuwa ndani yake limo jambo linalogusa mifuko yetu, na hata uhai wetu.

Kwanza tuijue metali yenyewe. Sehemu nyingi za injini za leo zimetengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, aghalabu ikiwa imechanganywa na silikoni ili iyeyuke na kumiminika vizuri ndani ya kalibu. Sentimita moja ya ujazo ya aluminiamu ina uzito wa gramu 2.7, ilhali ya chuma inakaribia gramu 7.9, ndiyo maana mtu mmoja huweza kubeba hedi ya aluminiamu mahali ambapo ya chuma ingehitaji wawili. Zamani ilikuwa metali ya fahari. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka George Washington, kilele chake walikifanya cha aluminiamu, iliyokuwa bado adimu na ya thamani wakati huo. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1886, vijana wawili wasiojuana, Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, waligundua kila mmoja kwa njia yake namna ya kuipata kwa nguvu ya umeme, na bei ikaporomoka. Kilichokuwa kilele cha mnara kikawa sufuria ya ugali na kava la injini.

Metali hii ina tabia ya pekee. Mara tu inapokwaruzwa na kuguswa na hewa, hujivika utando mwembamba mno usioonekana kwa macho, nao huilinda isiendelee kuliwa kama kutu inavyokula chuma. Utando huo ni mgumu ajabu: aluminiamu yenyewe huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 hivi, bali utando wake hauyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 2,000. Kwa sababu hiyo si kila mchomeleaji mitaani awezaye kuunga aluminiamu iliyopasuka. Weusi tunaouona kwenye kitambaa wakati wa kung'arisha haumaanishi kwamba kipande bado ni kichafu. Ni chembechembe za aluminiamu yenyewe zinazoondoka. Mwenye kungoja kitambaa kitoke cheupe atasugua mpaka kipande kiishe.

Kazi yenyewe, kwa wale watakaotaka kuijaribu nyumbani, huenda hivi. Kipande huoshwa kwanza kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni. Petroli isitumike, kwa maana mvuke wake hutafuta moto hata ulio mbali. Magadi makali ya kutengenezea sabuni yasitumike pia, kwa kuwa hula aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Baada ya hapo matundu yote huzibwa, ndipo msasa wa maji huanza: namba 240 kwa penye makovu, kisha 400, 600, 800, hadi 1000 au 1500. Kila namba husuguliwa kwa kukingama na ile iliyotangulia, ili msuguaji aone mikwaruzo ya zamani ikitoweka kabla ya kusonga mbele. Anayeruka namba hupata mng'aro wenye mistari, na hulazimika kurudi nyuma. Mwishoni huja dawa ya kung'arishia na kitambaa laini.

Maji hayo ya msasa yana faida nyingine. Vumbi kavu la aluminiamu likipeperuka hewani huweza kulipuka, na likichanganyika na vumbi la kutu ya chuma likapata cheche huwaka kwa moto usiozimika kwa maji. Tafadhali, wazazi, kazi hii isifanyike kando ya jiko la mkaa, wala grenda iliyotoka kukata chuma isigeuziwe aluminiamu kabla ya kusafishwa. Tope la msasa nalo lisifungiwe ndani ya kopo, kwa kuwa hutoa gesi taratibu. Anayetumia mashine avae miwani na barakoa.

Hata hivyo, si kila uso wa injini unaopaswa kung'arishwa. Pale hedi inapokutana na bloku, penye gasketi, pana unyoofu uliopimwa kwa mashine. Mkono wenye msasa ukipunguza hata sehemu ya kumi ya milimita upande mmoja, maji na moshi vitapata njia. Chembe moja ya mchanga wa msasa ikisahauliwa ndani ya tundu la oili itasafiri hadi kwenye beringi na kuzichana. Tena, sehemu nyingine zimepakwa rangi au utando maalumu kiwandani, na ukisugua umeondoa ulinzi. Walinzi wetu wa sakristia wanalifahamu jambo hili: kinara cha shaba husuguliwa kwa nguvu, lakini kikombe kilichopakwa dhahabu hupanguswa kwa kitambaa laini tu, kwa maana dhahabu yake ni nyembamba kuliko karatasi.

Vijana wetu wa bodaboda nao wakumbuke kwamba injini inayopozwa na upepo haihitaji kioo. Mapezi yake yanahitaji kuondolewa tope ili upepo upite. Uso unaong'aa hutoa joto kwa mnururisho kidogo kuliko uso mweusi. Mng'aro mwingine, lakini, una kazi ya kweli. Wajenzi wa injini za mashindano hulainisha konrodi kwa kufuata urefu wake, kwa sababu mkwaruzo unaokatiza huweza kuwa mwanzo wa mpasuko. Kumbe kung'arisha kwaweza kuimarisha, kwaweza kupamba tu, na kwaweza kuharibu. Vyote vitatu hufanana kwa mtazamaji anayepita barabarani.

Na hapa ndipo tunapofikia lililotusukuma kuandika. Aluminiamu ni laini. Inaposuguliwa kwa nguvu, ngozi yake ya juu husogea na kujilaza, na ikikuta ufa mwembamba huweza kuufunika. Ufa unabaki palepale, na kina chake hakijapungua. Kilichoondoka ni kuonekana kwake. Kwa hiyo mtu aliyesugua kwa nia njema na mtu aliyesugua kwa hila huweza kuleta sokoni vipande viwili vilivyo sawa machoni.

Mwaka jana, kijana mmoja wa jumuiya yetu ndogo ndogo alinunua hedi iliyotumika ya pikapu ya dizeli ili aisafishe na kuiuza. Mnunuzi alikwisha kupatikana, mzee wa upande wa Namtumbo ambaye hubeba mahindi kwa gari lake na, usiku wa dharura, huombwa na majirani kupeleka wagonjwa hospitali. Bei walikubaliana, na kijana alikwisha kuihesabia fedha hiyo ada ya mdogo wake. Tulikuwa tumeketi naye uani, tukimsaidia kubadilisha maji ya ndoo, alipofika kuondoa masizi kati ya matundu mawili ya valvu. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Alipitisha msasa mara mbili tatu, mstari ukafifia. Angepitisha mara kumi zaidi, usingeonekana tena.

Aliweka msasa chini. Alipaka mafuta ya taa mahali pale, akangoja, akapangusa mpaka pakakauka, kisha akanyunyiza unga wa chaki. Baada ya muda mfupi mstari ulijichora upya juu ya weupe wa chaki, mweusi na dhahiri, kwa kuwa mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalipanda. Ni njia ya zamani, iliyotumika hata katika karakana za reli, wala haihitaji chombo cha gharama. Kwa uhakika zaidi alimimina mafuta ya taa katika njia za maji za hedi baada ya kuziba matundu ya pembeni, akaiacha ilale hivyo. Asubuhi tundu la kutolea moshi lilikuwa limelowa.

Alipiga simu mbele yetu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imeng'aa?"

"Imeng'aa, baba, ila ina ufa unaofika kwenye njia ya maji. Siwezi kukupa."

Mzee alinyamaza kidogo. Akasema, "Mimi nilikwisha kupata gari la kuja kuichukua."

"Najua, baba. Naomba usije."

Mzee alitafuta hedi kwingine. Kijana aliiuza ile kwa wanunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo, kwa sehemu ndogo ya fedha aliyonunulia, na ada ya mdogo wake ililipwa kwa mafungu hadi mwisho wa muhula. Twaeleza hivi kwa makusudi, wapendwa, kwa sababu mara nyingi hadithi za uaminifu husimuliwa zikiwa na malipo mwishoni, kana kwamba ukweli ni biashara yenye faida ya haraka. Hapa palikuwa na hasara, tena iliyoonekana. Lililookolewa halikuonekana: gari ambalo halikuchemka usiku njiani likiwa na mgonjwa nyuma.

Ni haki kuongeza kwamba si kila mstari ni hukumu ya kifo. Zipo hedi za dizeli ambazo watengenezaji wake huvumilia nyufa ndogo sana kati ya valvu, ilimradi hazijafika kwenye maji wala kuvuka kipimo walichoweka. Uamuzi huo ni wa fundi mwenye vipimo. Mwenye msasa ana wajibu mmoja tu, kuuacha ufa uonekane ili mwenye vipimo aupime.

Hapa Ruvuma tuna urithi mzuri wa kazi za mikono. Wabenedikto walipofika Peramiho mwaka 1898, historia ya abasia ile ilikua pamoja na karakana zake, na vizazi vya vijana wa eneo letu vilijifunza humo useremala, ufuaji na umakanika. Mafundi wazee waliopitia karakana za namna hiyo wana desturi ambayo vijana huiona ni ukali: hukikagua kipande kabla hakijapambwa. Huosha, hupima, hugonga na kusikiliza, ndipo huruhusu msasa. Utaratibu huo tungependa urudi katika nyua zetu. Ukaguzi utangulie, mng'aro ufuate.

Nanyi mnaonunua spea zilizotumika, msione haya kuuliza. Mwombeni muuzaji chaki na mafuta ya taa. Aliye mkweli hatakasirika. Kipande chenye rangi ya majivu kilichooshwa tu kinaweza kuwa salama kuliko kinachong'aa, kwa kuwa hakijafunikwa kitu. Mkiona hedi imeng'arishwa hata pale penye gasketi, pelekeni ikapimwe kwa rula ya chuma kabla ya kutoa fedha.

Ninyi vijana, endeleeni kung'arisha. Ni kazi ya subira, na mkono uliozoea kupanda kutoka namba 240 hadi 1500 bila kuruka umejifunza jambo ambalo maneno mengi ya mimbarani hayafundishi. Mng'aro wenyewe hautadumu. Vumbi letu, mvua ya masika na joto la injini vitaufifisha, nanyi mtaketi tena na ndoo yenu. Lakini siku msasa utakapokutana na mstari mwembamba, na bei ikiwa imekwisha kukubaliwa, hapo mtajua mlikuwa mnasugua ili muone au ili msionekane.